Siku ya Kuinama

Tulianza kushuka genge kabla jua halijachagua upande,
mimi, Kobusinge wa dada yangu, na Araali
mwenye nyundo ya kuazima kwa fundi viatu
na mihogo ya kuchemsha ndani ya gazeti.
Chini kule Mwitanzige limelala kama bati jipya,
na ng'ambo yake milima ya Kongo, myembamba,
mtu angeweza kuikunja akaitia mfukoni.

Njia ilitudai magoti.
"Mjomba, samaki hugeukaje jiwe?"
Polepole, nikasema. Sikuwa na jibu jingine.
"Kama wewe unavyoshuka."
Araali akacheka, akakanyaga pabaya, akakaa bila kupenda.

Kaiso. Upepo wanuka dagaa na dizeli.
Tukapita nyuma ya nyavu hadi penye korongo
ambako mvua za Aprili zimeuchana udongo
na utepe mwekundu wa chuma umetokeza,
mnene kama chapati mbili.
Tukainama.
Kazi yenyewe ndiyo hiyo: unatembea
kama aliyedondosha sindano ukweni.

Saa nne, hakuna.
Saa tano, Araali: jino la mamba!
Tukakimbia. Kigae cha kikombe, ua la buluu bado lipo.
Saa sita akaja Onencan, mtoto wa kambi ya wavuvi,
na jino kubwa, la kale mno, alisema,
bei yake biskuti mbili.
Lilikuwa la ng'ombe, wa Pasaka iliyopita.
Tulimpa nne. Uongo ule ulikuwa na juhudi.

Kisha Kobusinge akanyamaza.
Mtoto huyu hanyamazi hata usingizini.
Kiganjani mwake kitu cheusi, mviringo,
kizito kupita ukubwa wake, kama kifungo cha koti:
pingili ya uti wa samaki
aliyeogelea hapa kabla hapajawa na neno *hapa*.
Akakitia sikioni. Akatikisa kichwa. Akakitia tena.

Araali akakichora, akakipima kwa rula ya shule,
akaandika tarehe, akasema: sasa turudishe.
Hapo siku ikavunjika.
"Kimenisubiri miaka yote hiyo," akalia, "halafu?"
Sikuwa na jibu, hata lile la polepole.

Alasiri, kibandani kwa Nyamahunge, viatu tumevua,
chai ya tangawizi inatuunguza midomo,
kitu kikanichoma kisigino.
Sakafu ile ilimwagwa kwa kokoto za korongoni,
na ndani ya saruji konokono, konokono wa chuma,
ubavu kwa ubavu,
wamesuguliwa na kandambili za wateja hadi wakang'aa.
"Hao?" Nyamahunge akasema. "Hao wananimalizia mafagio."

Kobusinge akashuka kitini, akalala kifudifudi,
akaanza kuhesabu.
Genge zima lilikuwa linatungoja, na giza lake.
Alifika sitini na tatu.
Araali akaagiza chai nyingine.