Maji ya Machi

Katika mji wetu huu wa pwani ya Nova Scotia,
wenye watu wachache kuliko misonobari,
wajenzi ni wengi kama kunguru nyuma ya trekta.
Mabango yao yamejipanga tangu darajani hadi kanisani,
kila bango na nyumba yake, kila nyumba na jua lake,
na hakuna hata moja iliyochorwa ikinyeshewa.

Verna alirithi kwa shangazi yake ekari mbili za mwamba na vichaka
zinazotazama ghuba. Mimi nilikuja na trekta na mgongo mbovu.
Tukasema: tujenge, kabla magoti hayajatukatalia.

Wakaja.

Wa kwanza alikuja na tableti. Akaipapasa, sebule ikapanuka;
akaipapasa tena, jiko likaota marumaru.
"Mnapenda nini hasa?"
Verna akasema, "Ukimya."
Akautafuta kwenye orodha, hakuuona.

Himmelman mdogo alitupa bei ya kutupwa.
Nililala nimefurahi. Alfajiri nikakumbuka
kwamba rahisi huvunja upishi,
na chungu hiki ndicho tutakacholala ndani yake.

Mwingine, jina nalisitiri, alimaliza vikombe vitatu vya kahawa
akiwasema wenzake: yule mwizi wa misumari,
huyu kakimbiwa na mke. Habari ya nyumba hakuifikia.

Nikasema, "Verna, chagua tu. Mchagua jembe si mkulima."
Akanijibu: "Mkulima jembe baya hulitupa kichakani.
Mimi nyumba nitaitupa wapi?"

Akavaa koti, akaanza kugonga milango ya watu.
Si nyumba mpya zinazonuka rangi (nani hajui kuwa kila bibi arusi ni mzuri?)
bali za miaka tisa, kumi na miwili, zilizokwisha kupigwa na baridi.
Aliomba kuona pasipoonyeshwa wageni:
chini ya sinki, nyuma ya kabati,
chumba cha chini ya sakafu, ambako aliweka kiganja ukutani
kama anayempima mtoto homa.
Kwa akina Boudreau kiganja kilirudi kimelowa.
Kwa Bi Eulalie Mosher kilirudi kikavu, na Bi Eulalie akasema:
"Mlango wa nyuma ulikwama. Akaja. Ukakwama tena. Akaja.
Mara ya tatu alikuja Jumapili, kavaa tai, katoka mazishini."
"Nani?"
"Corkum. Yule asiye na bango."

Kizuri chajiuza, husema watu. Hiki hakikujiuza hata kidogo:
simu yake iliita siku kumi na moja bila kupokelewa.

Alipofika hakuingia ndani. Aliomba sepetu.
Akachimba shimo la kina cha mkono
pale tulipopanga chumba cha kulala,
akalijaza maji, akaketi juu ya jiwe, akatazama saa.
Robo saa. Nusu.
Saa nzima, na maji yako palepale, yanatutazama.
"Hapa hapana," akasema. "Machi theluji ikifunguka,
kilima chote hiki kitapita chumbani kwenu."
Akahesabu hatua ishirini na sita, akapiga kigingi.
"Hapa ghuba hamtaiona yote. Nusu."

Bei yake niliisoma mara mbili nikidhani sifuri imeteleza.
Na kuanza lini?
"Mei ya mwaka ujao, mama yangu akipona."

Niligomba. Nakiri, wiki mbili niligomba:
nusu ya ghuba kwa bei ya ghuba nzima!
Verna hakubishana. Alikuwa akizikunja barua za wale wengine,
moja moja, akiwashia jiko.

Machi hii nimeshuka kiwanjani na buti za mpira.
Pale penye chumba chetu cha kulala
panapita kijito kichafu, chenye haraka,
kimebeba majani, kipande cha barafu, glavu ya mtu.
Kigingi cha Corkum kimesimama pakavu.

Trekta nimeliuza. Nyumba bado haipo.
Nimeketi juu ya lile jiwe lake, natazama nusu ya ghuba,
naihesabu upya ile bei,
na bado naiona ghali.