Neno la Kifuani

Alilinunua gulioni kwa elfu tatu na mia tano,
sweta la kijani, shingo imelegea,
kwa kuwa Makambako mwezi wa saba
upepo hauulizi jina la mtu.
Herufi kumi kifuani. Mbili zimeanza kubanduka.

"Mwalimu," akaniita Subilaga,
beseni la mahindi ya kuchoma kichwani,
"wewe unayekula chaki ya Kiingereza,
hapa kifuani pangu pameandikwa nini?
Nilidhani ni timu ya Ulaya.
Lakini dereva wa Zambia amesoma, akacheka.
Isije ikawa tusi."

Nikasoma. Si tusi.
Nikafungua mdomo nimpe maana,
nikakuta mdomoni hamna kitu.

Hamu ya kusafiri, nikasema.
"Hamu naijua," akasema. "Ya ndizi, ya chumvi, ya mtu.
Hamu ukiilisha hulala. Hili hulala?"
Halilali.
Kiu ya njia, basi.
Akaitazama njia: lami, vumbi,
malori ya shaba yamejipanga kungoja mizani
kama ng'ombe wa josho.
"Hii hainyweki, Mwalimu."

Nikasema uzururaji, nikajirudi haraka,
maana neno hilo mna polisi ndani yake.
Utalii mna kofia, na kiingilio cha getini.
Uhamaji mna magodoro juu ya lori
na kuku wanaolia ndani ya kikapu.
Babu yake mzaa baba alikwenda Joni kwenye dhahabu,
akarudi na baiskeli na kikohozi.
Mzaa mama alikuwa manamba, mkonge, Tanga,
yeye hakurudi.
Walikwenda mbali wote wawili,
na hakuna aliyewashwa nyayo.
Kilichowawasha ni kodi ya kichwa.

Nikamwambia, hata Waingereza walilikopa,
walilitoa kwa Wajerumani.
"Hao si ndio waliopita huku kwa miguu?"
Ndio hao, nyayo zikiwawasha,
na mizigo yao ikawa juu ya vichwa vyetu.
"Basi warudishiwe neno lao," akasema,
lakini hakulivua sweta.

Likaja basi la Sumbawanga. Akakimbia.
Mahindi manne dirishani, noti moja,
chenji akaitupia gari likiwa limeshaondoka.
Akarudi anahema.
"Sumbawanga nimeuza. Songea nimeuza.
Kuna dereva hupeleka mahindi yangu mpaka Lubumbashi.
Mimi nimefika Njombe.
Mara mbili. Hospitali."

Akaweka beseni chini.
"Na sisi tunalo neno. Kiguu na njia.
Mama mkwe huniita hivyo nikichelewa sokoni."

Nikalipima hilo nalo. Uzito unakaribiana,
ila letu mtu hutemewa,
lao mtu hulivaa.

Kisha, bila kunitazama, huku anageuza gunzi mkononi:
"Usiku wa manane ikipita treni ya Tazara,
mume wangu amelala,
mimi nahesabu mabehewa kwa sikio.
Juzi ishirini na tatu. Jana ishirini na mbili.
Nimeshinda kutwa nawaza
lile moja limeachwa wapi."

Ndilo hilo, nikasema.
Subilaga, ndilo hilo hasa.

Kesho yake nikamkuta amelivaa ndani nje,
mishono juu, lebo shingoni inapepea,
na herufi zote kumi zimelalia ngozi.
Nikauliza kwa nini.
"Upande huu una joto," akasema,
akanichagulia hindi lililoungua kidogo, ninavyopenda.

Sikuuliza zaidi.
Nami ninayo fomu ya uhamisho kwenye droo ya ofisi,
mwaka wa sita huu.
Jina nimejaza. Namba ya ajira nimejaza.
Mahali unapoomba kwenda:
pale kalamu husimama,
nikasikiliza malori yanavyopanda mizani,
moja, halafu jingine.