Picha ya Ijumaa

Zawena, leo Ijumaa, nakutumia.
Huyo hapo, juu ya mashine ya kufulia,
mguu mmoja unaning'inia kama soksi iliyosahauliwa.
Mabela inatokota mwezi huu wa saba,
maji ya bomba yanababua hata saa tano ya usiku,
naye keshajua ni vigae gani vya ukumbini
vinavyopata pumzi ya kiyoyozi.

Ulinikabidhi nyuma ya hospitali, penye maegesho:
kapu la plastiki, blanketi la buluu linalonukia mafuta ya nazi,
na risiti ya dawa uliyoiandika mgongoni
kwa ule mwandiko wenu wa manesi.
*Anaogopa ufagio. Ukimfungia nje ya choo atalia.
Dagaa wa Barka anakula, wa kopo humtapisha.
Jina lake livute mwisho: Tangawiziii.*
Kisha ukasema, macho kwenye matairi,
"Picha moja tu kwa wiki. Sitakusumbua."
Mkataba umekwisha, ndege ya alfajiri.

Siku tatu aliukalia mlango.
Hilo sikukwambia. Nilikuandikia: kala, kalala.
Siku ya nne nikakuomba sauti,
ukarekodi jikoni kwa mama yako, Tanga,
mwiko ukigonga sufuria:
"Njoo, we mwizi wa Tanga, njoo."
Akainuka. Akainusa simu,
akaizunguka mara mbili, akachungulia nyuma yake,
nyuma ya simu, Zawena, akikutafuta,
halafu akaenda bakulini akala.
Mimi ndiye niliyebaki nimeishika, sina neno.

Tangu hapo saa yangu ina nyuso mbili:
nne kwetu, tatu kwenu.
Umeniuliza kucha, umeniuliza manyoya anayotapika,
siku moja ukaniuliza mgongo wangu.
Mtu niliyemwona mara mbili maishani
ndiye aliyejua alama za Muatasim
kabla ya baba yake.

Basi lipo jambo. Nina miezi nalo.
Hapa hatumwiti tena Tangawizi.
Muatasim alijaribu wiki nzima,
na Kiswahili chake cha kuokoteza kwa bibi yake,
ulimi ukateleza, akamwita Mishmish,
na paka akageuka.
Kila picha nakuandikia jina lako,
kisha naigeuza simu kifudifudi
kama aliyeazima nguo ya watu
akaitia mkasi.

Lakini na wewe, shoga.
Picha yako ya juzi, wewe na mama barazani,
sahani ya mihogo, mmecheka mpaka magego.
Nikaikuza kwa vidole viwili nisome kanga imesema nini.
Sikufika kwenye kanga.
Chini ya kiti, mkia.
Mweusi, ncha nyeupe. Wa mbuzi si ule.

Nawe umeandika tu: "Mama anakusalimu."

Wiki nzima nimekaa na mkia huo.
Niliuonea wivu kwa niaba ya mwenyewe
aliyelala pale, hana habari;
nikahesabu Ijumaa ulizochelewa kujibu.
Kisha jana, naosha vyombo, kicheko kikanitoka peke yangu,
hata Mishmish (haya, nimelitamka)
akafumbua jicho moja, akalifumba.

Usiniombe radhi, nami sikuombi.
Ijumaa ijayo nitumie na wewe.
Jina si lazima. Mkalishe tu uso uonekane,
na mama asogeze kiti.

Habari za huku: amejifunza kufungua friji.
Blanketi nimelifua mara moja tu, kwa kulazimika,
akalinusa, akalikataa siku mbili, akalirudia.
Na ufagio, Zawena,
ufagio bado anauogopa.