Karai pale Maseno

Stima ilipotea saa tisa kasoro robo
na vizingia vyangu kumi na saba vikapotea nayo
kabla sijavihifadhi.
Nikafunga kompyuta, nikashuka barabarani
hadi kwenye kibao cha ikweta
ambako Wandati, na karai lake la bluu
lililotobolewa kwa msumari wa moto,
alikuwa akiwauzia wageni wawili wa kutoka Eldoret
mzunguko wa dunia.

Hatua ishirini kaskazini: njiti ya kiberiti inazunguka hivi.
Hatua ishirini kusini: inazunguka vile.
Juu ya mstari wenyewe maji yanashuka wima, kimya,
kama mtu aliyeambiwa habari asiyoitarajia.
Wageni wakapiga makofi.

Mimi niliangalia kisigino.
Akiwageukia wateja kutoka kulia, maji hugeuka naye;
akitoka kushoto, maji hukumbuka.
Dunia haimo. Dunia ina mambo yake,
haihangaiki na karai la lita tano.
Sikusema kitu. Sikutaka kumwaga unga wa mtu.

Walipoondoka akaniuliza, "Na nyinyi huko juu,
mwalimu, mnapika nini?"

Nikamwambia: kuna kimiminika
cha atomi laki moja hivi,
zilizoning'inizwa ndani ya mwanga wa leza, bila chombo,
zikapozwa mpaka baridi yenyewe ikakosa la kuongeza.
Kizungushe: hakijali.
Kizungushe tena: kimetulia kama maji ya mtungini usiku.
Ongeza, ongeza, na penye kiwango fulani
tundu moja linafunguka.
Moja. Si nusu, si moja na robo.
La pili likija, huja zima vilevile,
na mzunguko wake ni uleule wa la kwanza,
hakuna la mkubwa wala la mdogo.

"Kama mayai," akasema Wandati.
Kama mayai.

Sasa tia kimiminika cha pili, cha ukoo mwingine.
Cha kwanza ni rubidi; hiki kiite potasi.
Hakigombani na mwenzake, wala hakiyeyuki ndani yake.
Kinayatafuta yale matundu na kuketi humo,
mpangaji katika chumba ambacho mwenye nyumba hakitumii.
Na tundu lililokuwa tupu, jepesi,
lililofuata mkondo kokote,
sasa lina uzito.
Linachelewa kwenye kona.
Linayumba, linarudi, linayumba

hapo nikanyamaza, maana nilijisikia.

Baba alinilea kwa Kijaluo cha Seme,
mama kwa Kinyore cha ng'ambo ya barabara hii hii,
na neno la baba likinitoka
la mama limeshaketi palepale,
nayo sentensi inachukua kona kwa kuyumba
na binamu wanacheka, wa pande zote mbili.
Miaka yote nilidhani ni kasoro.
Kwenye mlinganyo ni tungamo tu,
herufi moja ndogo
upande wa kushoto wa alama ya sawasawa.

Wandati alikuwa akitafuna njiti.
"Na hilo tundu umeliona? Kwa macho?"
Nimeliona kwenye skrini, nikasema. Kwa hesabu.
Maabara zenyewe ziko mbali,
hapa hatuna hata leza ya kuchezea na paka.
"Kwa hiyo hapana."
Hapana.
Akacheka bila ubaya, akainamisha mtungi wa plastiki,
akajaza karai.
"Basi mimi angalau nina maji."

Akanikabidhi. Akanisimamisha juu ya mstari,
kiatu kimoja kaskazini, kimoja kusini,
kidole changu kikiziba tundu kwa chini.
"Usitikisike."
Akadondosha njiti mpya.
Nilisubiri mpaka maji yalipotulia kabisa,
mpaka lori la miwa likapita na vumbi lake likatua,
mpaka nikaona ndani yake kidevu changu na wingu.
Nikatoa kidole.
Njiti ilisimama. Ikasita.
Kisha, kwa mkono ambao si wangu wala si wake,
polepole, ikaanza.