Wiki ya Nane ya Muhula

Ijumaa, saa tisa, tulikuwa bado tunachuja nta,
mikono inanata, kalamu inanata, hata kitasa cha bweni.
Jumatatu, jaribio la magonjwa ya nyuki. Jumatano, ripoti mbili.
Ya tatu sikuikumbuka, wala sikutaka kukumbushwa.
Kashindye akaniona nikikunja shuka:
"Wewe Wilondja, wapi tena, na muhula umetukaba hivi?"
Kigoma.
"Kufanya nini?"
Kuangalia.

Sikumwambia kuangalia nini.
Miezi kumi na minne Tabora nimejifunza kusema "ninakwenda"
pale ulimi unapotaka "minaenda",
kuita sombe kisamvu,
na kucheka kabla hawajanicheka.
Ila nikiota, naota kwa maneno ya Baraka,
na mama ananiita kwa jina langu lote.

Treni ilichelewa saa nne.
Daraja la tatu, kati ya gunia la karanga
na bibi wa Kaliua aliyelala begani kwangu
kana kwamba ndiye aliyeninyonyesha.
Mapajani lita moja ya asali ya miombo,
nimeiviringisha ndani ya ovaroli ya kurinia.
Usoke, Urambo, vituo vilipita gizani
kwa sauti za wauza mayai.
Nikafungua daftari: Kuoza kwa majana, dalili zake.
Taa ikazimika.
Nikamshukuru Mungu.

Uvinza kumekucha, hewa ina chumvi.
Halafu michikichi, halafu mabati, halafu ziwa.

Na ng'ambo ya ziwa, hakuna kitu.
Moshi wa nyika na vumbi la kiangazi
vimetandikwa juu ya maji kama shuka la mgonjwa.
Milima ya Fizi, niliyoifuata kwa pesa ya chakula cha wiki mbili,
imefutwa.
Nikamuuliza kijana wa Mwanga, huwa inaonekana kweli?
"Mvua ikinyesha," akasema, "inasogea mpaka unaweza kuihesabia migomba."
Haikunyesha.

Kibirizi, mwanamke anamwaga dagaa juu ya turubai:
"Ndagala! Ndagala ya leo, baba, iko mingi!"
Nikasimama palepale, watu wakanigonga kwa nyuma.
Nikamjibu kwa Kiswahili changu cha kwanza,
kikatoka na kutu, lakini kikatoka.
Ni Mama Bitisho, wa Mboko. Boti lake linavuka usiku ule.
"Si upande? Asubuhi uko kwenu."
Nikamweleza habari ya kibali: ni cha kuingia mara moja tu,
nikivuka nimekiacha na chuo.
Akanitazama viatu, kisha uso.
"Basi leta hiyo chupa."

Nikachana ukurasa wa mwisho wa daftari:
Mama, hii nimeirina mwenyewe. Wameniuma mara sita tu.
Asali ikapanda, haikuulizwa pasi,
ikakaa baina ya katoni za sabuni.
Yeye akanitupia fungu la ndagala kwenye gazeti.
Pesa alikataa.

Usiku taa za karabai zilijaa ziwani.
Nilijaribu kuzigawa, hizi za huku, zile za kule.
Zilikuwa zinahama.

Jumatatu nilitoka stesheni moja kwa moja hadi darasani,
sijanawa, begi mgongoni.
Swali la nne nililijibu nusu.
La tano liliuliza dalili za kundi lililopoteza malkia:
kelele bila kazi, nikaandika,
nyuki kuzurura mlangoni.
Darasa zima likaanza kunusa.
Mwalimu akanusa, akajikohoza.
Kashindye akainuka, akafungua dirisha bila kugeuka,
na aliporudi kupita kwenye dawati langu
akanong'ona: "Usizile zote."