Dakika Kumi na Tisa

Shangazi Velta alipiga simu Jumatatu
kusema kompyuta imeanza kukohoa.
"Inakohoaje?"
"Kama marehemu Arvīds, akipanda ngazi na gunia la viazi."

Nikapanda basi la alfajiri kutoka Riga,
bisibisi mfukoni, diski mpya ndani ya soksi,
na vipande viwili vya kumbukumbu, vyembamba kama biskuti,
nilivyonunua kwa mtu asiyetoa risiti.
Kuldīga ilikuwa imelala chini ya theluji.
Mto tu ndio ulikuwa macho.

Chumba cha nyuma: ndiyo ofisi, ndiyo ghala, ndiyo duka.
Masanduku ya glavu za sufu hadi darini,
kila jozi na kikaratasi chake: Oslo, Hamburg,
na mjane fulani wa Kanada
anunuaye jozi nne kila Novemba
na hajawahi kusema ni za nani.
Mezani, chini ya kitambaa, kama unga unaoumuka,
lile sanduku la kijivu la miaka kumi na minne.

"Hebu iwashe." Akaiwasha.
Kisha akaketi, akachukua sindano tano na uzi,
akafuma bila kuangalia mkono wala kioo.
Feni ikalia. Kioo kikawa cheusi, kikawa buluu, kikawa cheusi tena.
Nje mtu alipita akiburuta kuni, akarudi mikono mitupu.
Dakika kumi na tisa. Nilihesabu.
Ankara ya kwanza ilipofunguka
nakshi ya nyota ilikuwa imefika penye kidole gumba.

Nikafungua ubavu wa sanduku.
Ndani, Mungu wangu, kondoo mzima!
Nyuzi nyekundu, nyeupe, za kijani,
baridi kumi na nne zimejisokota kwenye feni
kana kwamba ndege ametaga humo.
Nilizivuta kwa kibanio cha nyusi.
Shangazi akazipokea kiganjani, akazitambua:
"Hii ya harusi ya Dzintra. Hii ya mwaka wa mafuriko.
Hii ya haradali sikuipenda,
Arvīds aliinunua kwa kuwa ilikuwa rahisi."

Diski kuukuu ikatoka, ina joto kama yai chini ya kuku.
Mpya ikaingia, nyepesi, haina kinachozunguka, haina sauti.
"Na hivyo vingine ni nini unaongeza?"
"Kumbukumbu."
"Ninazo za kutosha," akasema.
Halafu: "Lakini ongeza."

Kuhamisha faili kulichukua usiku kucha.
Tulikula supu ya njegere na nyama ya moshi.
Kulikuwa na folda moja, Arvīds aliiita USIFUTE.
Sikuifungua. Niliihamisha polepole,
kama unavyombeba mtoto wa mwenzio aliyelala.

Asubuhi akabonyeza kitufe, akashika sindano,
kishono cha kwanza, cha pili, cha tatu,
na kioo kikamwambia: karibu.
Sekunde kumi na moja.
Akakitazama kama mgeni aliyefika kabla ya chai.
"Imefunguka yote?"
"Yote."

Nilingoja afurahi. Kipya kinyemi, wanasema, ingawa kidonda.
Yeye akainua ile glavu isiyo na gumba:
"Sasa hizi nitazifuma saa ngapi?"

Ndipo nikayatazama upya masanduku yale.
Nusu ya duka ilifumwa na ugonjwa wa mashine.
Nilikuja kutibu, nikafunga kiwanda.

Wiki ya pili akapiga simu.
"Nimejibu barua zote kabla ya saa tatu. Hata za mwaka juzi.
Yule wa Kanada nimemuuliza, ni za nani."
"Akasemaje?"
Nyuma ya sauti yake nilisikia sindano zikigongana.
"Bado. Labda yake ndiyo kwanza inawaka."