Sentimita Mbili za Pindo

Raimo, mtunza shule, amenipa ufunguo hadi saa mbili.
Nje, theluji ya Aprili inaoza kando ya barabara ya Kuhmo.
Ndani nimevua viatu, nimeitandaza nailoni
juu ya sakafu ya mpira wa kikapu:
mita sita, kijani cha kuvu, laini kama tumbo la samaki,
na kama samaki, ukiishika huku inaponyoka kule.

Mstari mweupe wa uwanja umenyooka kuliko mkono wangu.
Nauazima. Nalaza ukingo wa kitambaa juu yake,
naubana kwa makopo ya njegere
kumi na moja, na moja la mananasi.
Usivute, najiambia. Kitambaa kilichovutwa
hukubali kipimo kikiwa kimebanwa,
kikiachiwa hurudi kwao.

Lakini pembeni hapatakiwi unyoofu.
Ukinyoosha, upepo utapata ngozi ya kuwamba.
Sharti paingie ndani kidogo, kama kiuno,
na kiuno hakichorwi kwa rula.
Jana, ukutani mwa banda la kuni,
nilipigilia misumari miwili,
nikaning'iniza mnyororo wa Halla,
mbwa aliyetutoka Januari.
Ukacheza, ukatulia.
Nikaufuata kwa penseli juu ya kadibodi.
Uzito wake, na pengo kati ya misumari:
hesabu ilikuwa hiyo tu.

Sasa chaki. Sasa tepu, na tena tepu.
Mia mbili tisini na nne.
Mia mbili tisini na nne.
Mara ya tatu, tisini na tano,
nikakaa chini kwa hasira, nikala mkate.

Nilikata bila kupumua.
Gurudumu la kisu lilipita na sauti ya mtu
anayefungua barua usiku, wengine wamelala.
Kipande cha kwanza, safi. Cha pili, safi.
Nikavilaza kimoja juu ya kingine, nikatabasamu,
kisha nikahesabu upya vidole vyangu:
upande mmoja nimesahau pindo.
Sentimita mbili. Hazipo.
Chaki hufutika; mkato, la.

Raimo aliingia na fagio lake, akatazama, akasema:
"Mvua ya huku hushuka wima."
Uongo, na anajua kuwa najua.
Tulikunja pamoja, pembe kwa pembe,
yeye akirudi kinyumenyume mpaka golini.

Juni, kando ya ziwa, upande mfupi nitaulalia mimi.
Ule mrefu nitauacha wazi,
hapo alipokuwa akijikunja Halla,
pua chini ya mkia.